Wasifu wa Steshenari

Ifikapo Mei na Juni, maduka ya steshenari yaliyo jirani na vyuo vyetu hayapumui. Mwaka wa masomo unaelekea ukingoni, wanafunzi wanasaka nafasi za fildi, na kila mmoja anataka wasifu wake uchapwe leo hii, barua ya maombi itoke leo hii, na bahasha ya kaki juu. Kijana wa kompyuta hana nafasi ya kumhoji mteja. Anafungua faili la aliyetangulia, anafuta jina, anaandika jingine, anabadili namba ya simu na jina la chuo, anabonyeza, karatasi zinatoka zikiwa na joto. Humo mwenye jina ni hodari wa Excel, PowerPoint na Access. Anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Ana kipaji cha uongozi. Anapenda kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo, kama alivyopenda yule aliyechapiwa kabla yake.

Sisi tunaokaa upande wa pili wa meza tunaijua karatasi hiyo. Hatuhitaji kufika mstari wa tatu. Leo, basi, nasema na vijana ambao wiki chache zijazo wataitwa ofisini, waketi mbele ya watu wawili watatu wasiowajua, waulizwe ana kwa ana. Mtaambiwa mengi kuhusu shati, tai na namna ya kupeana mikono, na mimi nitayagusa. Lakini maandalizi yenu yaanzie kwenye karatasi hiyo, maana ndiyo itakayokuwa mezani na ndiyo mtakayoulizwa.

Usaili wa mafunzo una jambo lake la peke yake. Anayeajiri dereva anataka mtu wa kushika usukani Jumatatu asubuhi. Ofisi inayompokea mwanafunzi wa fildi kwa wiki kadhaa, au mhitimu wa mafunzo tarajali kwa miezi sita au mwaka, inajua fika kwamba huyu bado mbichi. Angekuwa ameiva asingeletwa kufunzwa. Kwa hiyo wasaili hawajakaa pale kupima shehena ya ujuzi wako. Wana maswali mengine moyoni. Huyu tunaweza kumwachia droo ya stakabadhi? Akiharibu, atakuja kusema au ataficha? Akielezwa jambo asilolielewa, atauliza, au atatikisa kichwa tu na kwenda kuharibu zaidi? Ukidanganya kuhusu Excel, umeshawajibu yote hayo kabla hawajafungua mdomo.

Nilikuwapo siku kijana mmoja, mpole na mwenye adabu zake, alipoulizwa kama kweli anaijua Excel kwa kiwango alichoandika. Akasema ndiyo, tena vizuri sana. Msaili akageuza kompyuta mpakato akamwekea safu ya malipo na kumwomba ajumlishe. Kijana akaangalia kioo, akasogeza kidole huku na huko, mwishowe akasema hilo ni toleo jipya, chuoni kwao wanatumia la zamani. Alipotoka, hakuna aliyeizungumzia Excel. Mama mmoja wa idara ya fedha alisema tu: "Huyu siku akipoteza risiti, atatuambia imeliwa na panya." Suala likaishia hapo. Kujumlisha safu ni somo la nusu saa, na yule mama mwenyewe angemfundisha kwa moyo mweupe.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini kwenye karatasi za kazi wakati mwingine ni ndefu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Aprili 2017 ripoti ya uhakiki iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Wamo waliokuwa wamefanya kazi miaka na miaka, wamejenga, wanasomesha, wanaheshimika mitaani kwao. Najua utaniambia kughushi cheti na kujisifia Excel ni mbingu na ardhi. Kisheria, naam. Kitabia sioni umbali mkubwa. Mtu huanza kwa kujizoesha kuamini kwamba karatasi ina haki ya kusema lolote ilimradi imfikishe.

Kaa na wasifu wako chini, mahali pasipo na makelele, na kalamu nyekundu mkononi. Kwa kila mstari, jiulize: nikiambiwa nieleze hili kwa dakika mbili, nina la kusema? Nilifanya wapi, na nani, ikatokea nini? Usiokuwa na jibu, ukate. Ukikata kwa haki, kurasa mbili zitabaki nusu ukurasa, na utaona aibu. Usione. Nusu ukurasa wa mwanafunzi wa mwaka wa pili ni jambo la kawaida kabisa. Kurasa nne za mwanafunzi wa mwaka wa pili ndizo zinazotutia shaka.

Ukishakata, jaza kwa yale uliyoyaacha kwa kudhani hayana heshima. Hapa vijana wetu wanajinyima haki yao. Binti anayetunza kitabu cha kikoba cha mama yake na majirani, anayejua hisa za kila mwanachama, nani anadaiwa marejesho, mfuko wa jamii una kiasi gani, na siku ya kuvunja kikoba hesabu ikakubali mpaka shilingi ya mwisho, anaandika kwenye wasifu kwamba "hana uzoefu". Halafu anaomba fildi ya uhasibu! Kuna mweka hazina wa kwaya aliyesimamia michango ya safari ya kwenda kuimba mkoa mwingine. Kuna aliyefundisha watoto madrasa, akajifunza kumweleza mtoto jambo lilelile kwa njia tatu. Kuna aliyekaa likizo nzima Kariakoo kwa mjomba wake fundi simu, akapokea wateja wenye hasira za kila rangi. Hayo yaandike kama yalivyo, kwa maneno ya kawaida, bila kuyavika vyeo. Usimgeuze mjomba kuwa kampuni. Sema ulikuwa unamsaidia mjomba dukani, ukapokea simu mbovu, ukaandika majina na hitilafu kwenye daftari, na ukajifunza kutomwahidi mteja muda usioweza kuutimiza. Msaili akisikia hivyo, ananyanyua macho.

Na wadhamini. Mwanafunzi anaandika jina la mhadhiri anayefundisha mamia ya watu kwenye ukumbi mmoja, hajawahi kuongea naye, hajamwomba ruhusa, kisha ofisi inapiga simu na mhadhiri anauliza, "Nani huyo?" Kumwandika mtu kuwa shahidi wako bila kumwambia ni utovu wa adabu, hata kama steshenari wamekuzoesha kuona ni kujaza nafasi tu. Mwendee. Mwambie unaomba wapi na kwa nini, mwachie nakala. Akisita, mshukuru na utafute mwingine anayekufahamu kweli, hata akiwa mwalimu wako wa sekondari au kiongozi wa kikundi ulichokitumikia.

Mkishakuwa na karatasi ya kweli, swali la kwanza la usaili, lile la "Tueleze kidogo kukuhusu", halitawasumbua. Wengi hulijibu kwa kuanza na hospitali waliyozaliwa, wakapitia darasa la kwanza, wakahamia mkoa mwingine na baba aliyekuwa mtumishi, na wanapofika kidato cha pili jopo zima linatazama saa ya ukutani. Anayejua alichobeba husema hivi: "Nipo mwaka wa pili, nasoma uhasibu. Somo lililonikaa ni la ukaguzi wa hesabu. Nyumbani natunza kitabu cha kikoba. Nimeomba hapa kwa sababu nataka kuona malipo yanavyopita mikono ya watu tangu ombi linapoandikwa mpaka pesa inapotoka." Akanyamaza. Hapo jopo lina mambo manne ya kumuuliza, na yote manne anayaweza.

Jambo la pili ni kuijua nyumba unayobisha hodi. Tuseme unasoma Chuo cha Maji pale Ubungo, na DAWASA wamekuita. Jioni moja ya kusoma inatosha kujua kwamba mamlaka hii inahudumia Dar es Salaam na sehemu za Mkoa wa Pwani, kwamba DAWASA na DAWASCO ziliunganishwa mwaka 2018, na kwamba sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka Mto Ruvu kupitia mitambo miwili, Ruvu Chini yenye uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu yenye lita milioni 196. Vizuri. Lakini hayo kila atakayeitwa siku hiyo anaweza kuyakariri. Kesho yake asubuhi vaa ndala utembee mtaani kwenu. Mita za maji zimewekwa wapi, na ngapi zimefunikwa na vifusi? Bomba la pale kona linavuja tangu lini, na majirani wanasema nini? Chukua ankara ya nyumbani uisome mpaka uielewe. Ukiulizwa kuhusu upotevu wa maji, ambao ni maumivu ya kichwa ya kila mamlaka ya maji, utaeleza ulichokiona kwa macho yako, kisha utawauliza wao: uvujaji mdogo wa namna ile unaripotiwaje mpaka fundi anafika? Umeuliza swali la mtu anayetaka kazi.

Kwa anayeitwa benki, mabenki hutangaza taarifa zao za fedha magazetini kila robo mwaka. Kata ukurasa wa benki hiyo, utafute amana, mikopo iliyotolewa na mikopo chechefu, ulinganishe na robo iliyopita. Kwa anayeitwa halmashauri, kasome mbao za matangazo za ofisi ya kata yako. Majina ya wakurugenzi na tarehe ya kuzinduliwa jengo sioni yana msaada gani, ingawa kuna wasaili wenye mapenzi nayo.

Sasa nije kwenye neno ambalo vijana wetu wameogopeshwa nalo tangu darasa la kwanza: sijui. Shule zetu zimetulea hivyo; ukisema sijui unasimama mpaka kipindi kiishe. Matokeo yake kijana akiulizwa asichokifahamu anaanza kuogelea, maneno mengi, mikono hewani. Jizoeze kulitamka mapema, ukiwa nyumbani, kwa sauti tulivu. Lakini usiliache likiwa uchi. Sema hulijui, kisha sema unachokijua kilicho jirani nalo, au namna ambavyo ungeanza kulitafuta.

Nitoe mfano. Kuna swali ambalo wanafunzi wa uhasibu huulizwa, nalo linawaangusha wengi: bidhaa imeuzwa kwa shilingi 118,000, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikiwa ndani yake, kodi hiyo ni kiasi gani? Wengi wanakimbilia kutafuta asilimia 18 ya 118,000, wanapata 21,240, wanatabasamu. Jibu ni 18,000, kwa kuwa bei kabla ya kodi ilikuwa 100,000. Aliyekosea kwa haraka na aliyenyamaza kwa hofu hawatuambii kitu. Lakini yule anayesema, "Sina hakika, naomba nifikiri kwa sauti," akaanza: kodi imeshaingia humu, kwa hiyo 118,000 ni asilimia 118 ya bei halisi... huyo hata asipofika mwisho, tumeona kichwa chake kinavyotembea. Ombeni ruhusa ya kufikiri. Hakuna jopo lenye akili litakalowanyima.

Lugha nayo ina mitego yake. Ofisi nyingi binafsi na mashirika husaili kwa Kiingereza, na kijana mwenye mengi kifuani anabaki na sentensi tatu za kukariri. Jiandae kwa lugha zote mbili, jibu kwa ile uliyoulizwa, na ukikwama kwenye jambo la maana omba: naomba hili nilieleze kwa Kiswahili. Nimeona maombi hayo yakikubaliwa mara nyingi kuliko vijana wanavyodhani. Kisichopendeza ni ule mchanganyiko wa nusu na nusu, kila neno la tatu likiwa la kigeni, tena limevunjika mguu.

Adabu ya salamu inawachanganya wengi, hasa siku hizi ambapo jopo moja lina mzee mwenye mvi, mama wa makamo na dada aliyekuzidi miaka mitatu. "Shikamooni" ukiielekeza kwa walio na umri wa wazazi wako haijawahi kuwa kosa, na wale vijana wataelewa. Usimpe shikamoo peke yake dada wa rika lako kwa sababu tu ana kompyuta mbele yake. Mwambie habari za asubuhi. Ukiona makundi yamechanganyika sana, "habari za asubuhi" kwa wote, kwa sauti inayosikika na kichwa kikiinama kidogo, inatosha. Mkono subiri upewe. Wapo wanaume na wanawake ambao kwa imani yao hawapeani mkono na wasio mahramu wao. Mtu akiweka kiganja kifuani, nawe weka chako, mambo yaende mbele. Usiketi mpaka ukaribishwe. "Ndiyo mama" na "ndiyo baba" zinakubalika kwa mwenye umri huo. "Bosi" na "mkuu" ziacheni kijiweni.

Lakini salamu ya kwanza, kijana wangu, ni ya getini. Mlinzi anayekuandikisha kwenye daftari la wageni, mhudumu anayedeki ngazi, mama wa mapokezi anayekuambia usubiri: hao ndio watakaokufundisha vyoo viko wapi na nani humwona nani kabla ya saa nne. Katika ofisi moja niliyoizoea, mkuu wa utumishi alikuwa na desturi ya kwenda mapokezi baada ya usaili kuuliza, "Wale watoto walikaaje?" Kuna aliyekosa nafasi kwa jibu la swali hilo. Alikuwa amemfokea mlinzi kwa kumchelewesha, kisha akaja kwetu akiwa asali. Simu yako izime kabisa ukiwa bado nje. Hiyo ya kutetema mfukoni nayo inasikika.

Ya mavazi nitayapitia haraka kwa sababu yanasemwa mno. Nguo safi, ya kusitiri, inayokukaa, iliyopigwa pasi usiku wakati umeme upo. Shati la mtumba kutoka Karume lililofuliwa na kunyooka linafanya kazi sawa na la dukani, na hakuna jopo linalosoma lebo. Msiende kukopa suti ya kaka mwenye mabega mapana. Wakati wa mvua bebeni viatu kwenye mfuko, mvae ndala mpaka karibu na geti.

Ya njia ni mazito zaidi, kwa kuwa kuchelewa ni kuvunja ahadi ya kwanza mliyopeana. Foleni ya Dar es Salaam haimshangazi mtu yeyote. Wasaili wamepita barabara ileile. Anayetoka Kigamboni anajua pantoni linaweza kumweka upande wa pili akiiona Posta kwa macho. Anayepanda mwendokasi Kimara anajua foleni ya abiria ya asubuhi. Nendeni siku moja kabla, saa ileile mtakayosafiri, mjue kituo cha kushuka, jengo na ghorofa. Siku yenyewe mfike mapema, mkae mahali penye kivuli. Jambo likiharibika njiani, pigeni simu kabla ya saa ya miadi ili mseme mko wapi hasa. Kijana aliyeko Buguruni asiseme yuko Mnazi Mmoja.

Karatasi za kubeba zipangwe usiku: barua ya wito, barua ya utambulisho ya chuo, kitambulisho, vyeti halisi na nakala zake, na nakala mbili tatu za wasifu wako uliokatwa. Tazama majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanajuma na cha kidato cha nne kinasema Mwajuma, hilo lishughulikie kwa wakili sasa, usingoje. Ofisi ya fildi inaweza kulifumbia macho, lakini matangazo ya usaili ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema wazi kila mara kwamba majina yasiyolingana yanahitaji hati ya kisheria, na kwamba karatasi za matokeo hazichukui nafasi ya cheti.

Kuna jambo linaloumiza kulisema mbele ya vijana, nalo ni vimemo. Mtasikia kwamba usaili ni geresha, nafasi zimeshagawanywa, mwenye mjomba juu ameshapata. Wakati mwingine ni kweli, na sitawadanganya. Lakini nimeona pia watu wa vimemo wakifika na kukaa miezi yote bila kupewa kazi ya maana, kwa sababu hakuna aliyewachagua na kila mtu anamwogopa mjomba. Kuambiwa na ndugu kwamba ofisi fulani inapokea maombi ni msaada wa halali; pokea, omba, usailiwe kama wengine. Kumtuma ndugu apige simu ili mwingine aondolewe kwenye orodha ni kumla mtoto wa mwenzio. Wazazi, nanyi nawaomba: msiingie na mtoto kwenye chumba cha mapokezi, na msimpigie afisa utumishi jioni kuuliza "kijana wetu vipi". Mnamharibia, na anaona aibu kuwaambia.

Kuna na kibaya zaidi. Anayekuomba pesa ili akupe nafasi ya mafunzo, aiite ada ya fomu, ya sare, ya kitambulisho au ya chai, hana nafasi ya kukupa. Au anayo na anaiuza, jambo ambalo ni rushwa. Usilipe. Na anayekuita usaili hotelini, chumbani, usiku, au baada ya saa za kazi wakati ofisi tupu, usimwendee. Mabinti mnaambiwa sana hili, nanyi vijana wa kiume lisikieni pia. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mtu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira au upendeleo wowote. Tunza ujumbe aliokuandikia, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo, na TAKUKURU wanapatikana bure kwa namba 113. Lawama hapo si yako hata chembe, na usikubali yeyote akuulize ulikuwa umevaa nini.

Usaili wa halali ukielekea mwisho mtaulizwa kama mna swali. Mtu asiyeuliza hapo anaonekana hana hamu. Ulizeni nani atawasimamia, na kazi ya siku itakuwaje. La posho nalo si dhambi, mradi liulizwe kwa utaratibu: "Naomba kufahamu kama ofisi ina utaratibu wa nauli kwa wanafunzi, ili nijipange." Ofisi nyingi hazina. Wenye mikopo ya Bodi wanajua kipo kipengele cha mafunzo kwa vitendo, na wasio nayo inabidi wapige hesabu ya nauli na chakula cha mchana kwa wiki zote kabla ya kusema ndiyo. Kusema ndiyo leo ukaacha kuja wiki ya tatu kwa kukosa nauli kunamwumiza hata atakayeomba mwakani kutoka chuo chako.

Na hili la kusema ndiyo ndilo nataka mwondoke nalo mkononi. Kila mwaka wapo vijana wanaoomba ofisi tano, wanasailiwa tatu, wanakubaliwa mbili, wanasema ndiyo kote kuwili, kisha wanakwenda kwenye ile iliyo karibu na nyumbani na kuizimia simu nyingine. Meza inabaki tupu. Msimamizi aliyewatetea mbele ya wenzake anaonekana hajui watu, na jina lililokuwa la pili kwenye orodha, la mtoto wa mtu aliyelala akiomba simu iite, linapigiwa kwa kuchelewa au halipigiwi kabisa. Ukipata nafasi mbili, chagua moja, kisha ipigie ile nyingine siku hiyohiyo, uwashukuru, uwaambie umepata kwingine ili wamwite mwenzio.